Jagi Lisirudi Tupu

Fundi Anselmi alinikabidhi jagi kwanza, ndipo akaniambia kwamba Dokta Zubeda amefariki. Ndivyo alivyo tangu zamani, hutanguliza chuma, maneno baadaye. Tulikuwa tumekaa kwenye hoteli moja pale Sirari, hizi za mabati zilizobanana na ofisi za mawakala wa forodha. Yeye alikuwa amekuja kurekebisha mashine ya tajiri mmoja wa mpakani, mimi nimeteremka kutoka Itiryo baada ya yeye kunipigia simu. Miaka zaidi ya thelathini hatujaonana. Nilimtambua kwa mkono, maana kidole chake cha shahada cha kushoto hakina ncha, na siku ncha ile ilipokwenda nilikuwepo. "Mwita," akasema, "umezeeka vibaya." Nikamwambia yeye amezeeka vizuri, kama kiatu cha askari. Tukacheka mpaka mbadilisha fedha mmoja meza ya pili akatugeukia: "Wazee, leo mko na raha," kwa Kiswahili chao cha Isebania, upande wa Kenya. Ndipo Anselmi akainama, akatoa kwenye mfuko wa sandarusi jagi la chuma, lile lenye mistari ya kupimia, mdomo umefungwa kitambaa na kukazwa kwa uzi. "Hili lako. Dokta ametuacha mwezi uliopita. Binti yake ndiye aliyenitafuta. Anasema mama aliagiza lifike kwa Mwita wa Itiryo, lisifunguliwe njiani."

Sikulifungua pale. Nililiweka magotini chai ikapoa. Anselmi hakuniuliza kwa nini, maana anajua mimi na jagi lile tuna maneno yetu. Lakini wewe unayesoma hujui, na mimi siwezi kukueleza bila kurudi mwaka ule. Habari za nilikozaliwa na baba alikuwa na ng'ombe wangapi nitaziacha, hazina kazi hapa. Ujue tu kwamba nilikuwa mwanamume mzima, nimeishia darasa la nne, nimetoka kupika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na kambi ilipohama mimi nikabaki na mwiko mkononi.

Mwaka ule ndio wataalamu watatu walipokuja Itiryo wakapanga ile nyumba ya mwalimu aliyehamishwa, nyumba ya vyumba vinne yenye sakafu ya saruji na dirisha moja lisilofunga. Watu walisema wametumwa kutafuta dhahabu. Wengine wakasema wamekuja kuhesabu ng'ombe. Kumbe walikuwa wamekuja kwa ajili ya mihogo. Dokta Zubeda alikuwa mtu wa Tabora, mrefu, mwenye kilemba cheupe ambacho sikuwahi kukiona na doa, na kazi yake ilikuwa kemia. Kwa kuwa aliitwa dokta, wiki ya kwanza alipelekewa mtoto mwenye homa na mzee mwenye jino. Aliwapa wote chai, akawaelekeza zahanati. Bwana Makuru alikuwa bwana shamba, kwao Nyambureti huko Serengeti, mtu wa maneno laini anayeujua muhogo kwa kuushika shina tu, hata akifumba macho. Na Anselmi, fundi kutoka Songea, ndiye wa mashine. Kila mmoja alikuwa na chumba chake cha kazi, na cha nne kilikuwa jiko, na jikoni ndiko nilikoajiriwa mimi.

Walichotaka kutengeneza ni mfuko. Usicheke. Wakati ule wakulima wetu wa kahawa walikuwa wanaotesha miche kwenye viriba vya nailoni, wakishapanda wanatupa viriba, na ng'ombe wanakula. Hilo mimi sikuambiwa na mtu. Jirani yetu alikuwa na ng'ombe jike mwekundu aliyeanza kukonda huku tumbo linavimba, tukadhani amerogwa, akaitwa mtu wa kumtazama, akachinjiwa kuku, wapi. Alipokufa tukampasua, tukakuta tumboni bonge la nailoni kubwa kama kichwa cha mtu, limefumwa na nyasi kama kiota. Mwenye ng'ombe alikaa chini kando ya utumbo ule akalia mbele ya wanawake. Ukiona mwanamume wa Kikurya analia mbele ya wanawake, ujue jambo hilo si dogo. Kwa hiyo Dokta aliposema kwenye mkutano wa kijiji kwamba wanatafuta kutengeneza kiriba kwa wanga wa muhogo, kiriba kitakachooza ardhini, na ng'ombe akikila kitamshibisha tu, mimi nilisimama nikasema nataka kazi. Wakaniuliza najua nini. Nikasema najua kukoroga kitu kisifanye mabonge.

Hapo vijana wenzangu wakapata la kusema mwaka mzima. "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "leo umempikia mama nini?" "Mwita, ukimaliza kukoroga uje unisukie nywele." Kwetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hasogei jikoni, na mimi nilikuwa nimesogea kwa mshahara. Niliwajibu kwamba wao wanakula vya kupikiwa, mimi nakula vya kupika, tumbo halijui tofauti. Lakini iliniuma. Sitadanganya uzeeni, iliniuma.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Bwana Makuru analeta mihogo ya aina mbalimbali, kila aina na alama yake. Tunaikwangua, tunaisaga, tunaichuja kwa kitambaa mpaka wanga unatuama chini ya ndoo, mweupe kama chokaa. Dokta anapima wanga kwenye mizani, mimi napima maji kwa jagi, naweka sufuria kwenye moto mdogo, nakoroga. Ukikoroga vizuri yale maziwa ya wanga yanageuka ghafla, yanakuwa mazito, yanang'aa, kama uji wa mgonjwa. Tunamwaga juu ya vioo alivyovipanga Anselmi, tunauacha ukauke, halafu tunabandua ile tuliyoiita karatasi. Anselmi anaichukua, anaipitisha kwenye mashine yake ya magurudumu mawili ya chuma, inayopashwa moto kwa mkaa, ili iwe nyembamba ishikane pembeni iwe kiriba. Ile mashine ndiyo iliyokula ncha ya kidole. Hesabu ya kazi ilikuwa hivyo: mmoja anafikiria kitu kisichoonekana kwa macho, mwingine anakilima, mwingine anakibana, na katikati ya wote nipo mimi na mwiko.

Kile kisichoonekana Dokta alinieleza siku moja nakwangua sufuria. Aliona natoa utandu ulioganda pembeni, ule ukoko mwembamba unaobanduka wenyewe. Akauchukua, akaunyoosha kwenye mwanga wa dirisha. "Mwita, hiki ndicho tunachotafuta, ila hiki kinavunjika." Akaniambia ndani ya wanga kuna minyororo mirefu sana, midogo hata darubini ya hospitali haiioni, kila pete imeshika pete nyingine. Aliita polima. Akasema maji yakitoka, minyororo inalaliana, inabanana kama watu kwenye benchi la msiba, hakuna anayeweza kugeuka. Ukikunja karatasi, inakatika. Tunahitaji kitu kidogo kitakachoingia katikati yao wapate nafasi ya kusogea. Nikamuuliza kitu gani. Akasema, "Ningekijua ningekuwa kwangu Dar es Salaam nimelala."

Na kweli karatasi zilivunjika. Miezi mitano zilivunjika. Tulikuwa tukizibandua zinapasuka kama tope la mto uliokauka. Wale watatu, waliokuwa wakipatana, wakaanza kugombana. Kuta za nyumba ile hazikufika dari, kwa hiyo nikipika wali jikoni nilikuwa nasikia kila kitu. Walipogombana kidogo waligombana kwa Kiswahili, na walipogombana sana waligombana kwa Kiingereza, na mimi nilipima ukubwa wa ugomvi kwa hiyo. "Muhogo wako una maji mengi," Anselmi anamwambia Makuru. "Mashine yako inachoma," Makuru anajibu kwa sauti ile ile laini. Dokta hasemi, unasikia kalamu tu. Halafu mezani wanakaa pamoja, wanakula wali na maharage yangu, wanapeana chumvi kama ndugu. Nilikuwa nawashangaa. Kwetu watu wakitukanana hivyo asubuhi, mchana hawali sahani moja.

Sasa nimlete Bibi Nyangi. Alikuwa mjane, nyumba yake ikipakana na nyumba yetu kwa ua wa minyaa, na marehemu mume wake alimwachia mizinga ya nyuki. Mara ya kwanza Dokta alipougua malaria, Bibi Nyangi alileta bakuli la uji wa ulezi. Dokta akapona, akaliosha bakuli kwa sabuni, akalifuta kwa kitambaa safi, akanipa nilirudishe. Bibi alilipokea, akachungulia ndani, akaligeuza, akalipiga chini kidogo kama anayetafuta kitu.

"Mura, ni hili tu?"

"Ni hili, bibi. Amesema asante sana."

"Asante naiweka wapi?" Akaniangalia kwa huruma. "Huyu mama yenu amesoma mpaka amesahau bakuli."

Maana kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama ni mahindi mawili, hata chumvi iliyofungwa kwenye jani, unaweka. Kurudisha chombo kitupu ni kumwambia mwenzio tumemalizana. Nilimwambia Dokta. Aliona aibu mpaka akashika kilemba. "Mwita, mimi nimelelewa bwenini. Sahani ikitoka jikoni inarudi jikoni. Hakuna aliyenifundisha." Alitaka kwenda kuomba radhi siku ile ile, lakini kazi ikamshika, na kesho ikamshika, unajua kazi.

Amri moja alikuwa nayo Dokta, hakuna chombo cha kazi kinachotoka nje ya nyumba. Kijiko, ndoo, hata kitambaa. Na mimi nilijiona nina deni kwa Bibi Nyangi kwa ajili ya lile bakuli. Kwa hiyo alipokuja jioni moja akasema kesho ana watu wa kupalilia na hana cha kubebea uji, nilimpa jagi la kupimia. Nilijua ni kosa. Nilijiambia kesho hatukorogi, na keshokutwa asubuhi na mapema litakuwa limerudi.

Halikurudi mapema. Asubuhi hiyo Dokta alikuwa amekwisha kupima wanga, anaita, "Maji, Mwita!" na mimi nimesimama kwenye ua wa minyaa namwona Bibi anakuja polepole, jagi kichwani, limefunikwa jani la mgomba. Nilichukua bila hata kuamkia. Nilipofunua, chini kulikuwa na asali. Bibi hakulipa bakuli letu tupu kwa jagi tupu, alifanya kama mtu mzima anavyofanya. Nikaingiza vidole, nikalamba haraka haraka, nikamimina kwenye kikombe kiasi nilichoweza, lakini asali si maji. Ilibaki ya kutosha kufunika chini. "Mwita!" Nikajaza maji mpaka mstari, nikatikisa, nikamwaga sufuriani. Moyoni nikasema asali haijawahi kuharibu uji wa mtu.

Karatasi ile ilibanduka nzima. Anselmi aliishika pembe mbili, akavuta, ikanyooka, akaachia, ikarudi. Akaikunja mara nne. Haikuvunjika. Halafu Bwana Makuru, mtu wa sauti ndogo, akapiga yowe mpaka kuku wa Bibi Nyangi wakaruka ua. Maana siku ile kwa mara ya kwanza tulikuwa tumetumia muhogo wa ganda jekundu aliouleta kwao Nyambureti. "Ni mbegu yetu! Si niliwaambia? Ni mbegu ya nyumbani!" Dokta alikuwa anacheka huku anafuta macho. Walinunua mbuzi. Nilichoma mimi mwenyewe, na nikapewa figo, na Makuru akasema mbele ya wote kwamba mkono wangu wa kukoroga una baraka. Nikala figo. Jagi na asali havikunijia kichwani kabisa, nakuapia. Nani anafikiria asali siku ya mbuzi?

Dokta akaandika barua kwa wakubwa wake. Akaandika ya pili. Wakajibu kwamba watakuja kuona. Makuru akaenda Nyambureti kuwaambia watu wake wang'oe muhogo mtamu walionao, wapande ule wa ganda jekundu, kwamba utanunuliwa wote. Muhogo ule ni mchungu, hauliwi mpaka ulowekwe siku kadhaa. Lakini wakamwamini, mtoto wao amesoma.

Na karatasi zikaanza tena kuvunjika. Muhogo ule ule, mizani ile ile, mkono wangu ule ule wenye baraka. Dokta akadhani ni moto. Akadhani ni mvua. Akapima, akaandika, akakonda. Ile karatasi moja nzuri aliiweka juu ya kabati akiitazama kama picha ya marehemu. Asubuhi moja nafagia chumba chake nikaona sisimizi wamepanga mstari. Wametoka dirishani, wamepita kando ya rundo la karatasi zilizovunjika bila hata kusimama, wakapanda kabati, wakaenda moja kwa moja kwenye ile moja. Nikasimama na ufagio. Mdomoni ikanirudia ladha ya vidole vyangu.

Ningesema palepale, ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Sikusema. Nilipangusa sisimizi kwa kitambaa, nikafagia. Nilikaa hivyo karibu wiki tatu. Nilikuwa naogopa kazi itakwisha na vijana watanicheka kwamba hata jiko limenishinda. Nilikuwa naogopa Bibi Nyangi ataonekana ndiye mwenye kosa. Na jambo jingine, nilipenda kuitwa mwenye mkono wa baraka. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Niliwapikia vizuri kuliko siku zote wiki zile, mpaka Anselmi akauliza kama nataka kuoa.

Kilichonishinda ni Makuru. Alirudi kutoka Nyambureti na salamu, akasimulia akiwa anakula: shangazi yake amemaliza kung'oa muhogo wa nyuma ya nyumba, jirani zake nao wameanza. "Shangazi ananiambia, Makuru, huu ndio ulikuwa wa kula mpaka mavuno, lakini wewe ukisema ni sawa, ni sawa." Alisema kwa furaha. Nilisubiri wenzake watoke, nikamfuata Dokta chumbani, nikasimama mlangoni kama mtoto wa shule.

"Dokta, si muhogo. Ni asali."

"Asali gani?"

Nikamwambia yote, jagi, Bibi, vidole, sisimizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikaa juu ya gunia la mihogo, yeye na nguo zake safi.

"Asali kiasi gani?"

"Iliyobaki baada ya kulamba."

"Umelamba vidole vingapi, Mwita?"

"Viwili. Mara tatu." Wala hakuwa anatania, alikuwa anaandika.

Halafu akaweka kalamu. "Nimeandika barua mbili. Zote za uongo."

"Hukujua, Dokta."

"Sasa najua."

Siku ile ile mchana alinituma kwa Bibi Nyangi kuomba asali, na safari hii alinipa bakuli likiwa na sukari ndani. Bibi akachungulia, akasema, "Ahaa, ameanza kupona." Tukakoroga kwa muhogo wa ganda jekundu, tukakoroga kwa muhogo mtamu wa hapo hapo Itiryo. Zote mbili zilinyooka. Mbegu haikuwa na kosa wala sifa. Dokta akanionyesha: utamu ule umeingia katikati ya minyororo, umeisogeza, watu wa benchini wamepata nafasi ya kugeuka. Uso wake ulikuwa na furaha na msiba pamoja, sijui nikuelezeje.

Jioni ile nilisikia mazungumzo juu ya ukuta. Anselmi alisema, "Wageni wanakuja Jumatatu. Tunasema tulikusudia asali. Nani atajua?" Na hakuwa mtu mwongo, alikuwa amepoteza ncha ya kidole kwa kazi ile, alitaka ipate maana. Makuru akasema, "Na shangazi yangu nimwambie nini? Kwamba nilikusudia?" Kipimo changu kikakataa, hawakuhamia Kiingereza kabisa. Ndipo nikajua ugomvi huu ni mkubwa kuliko wote niliowahi kuusikia. Dokta alisema neno moja tu: "Kesho." Kesho yake alisema amelala nalo, ameamka nalo, atasema ukweli.

Wageni walikuja na gari mbili. Walikaa kwenye viti vya kanisa tulivyoazima, wakaangalia karatasi, wakavuta, wakafurahi. Tukampa ng'ombe wa Bibi Nyangi kiriba kimoja, akakila chote na kulamba mkono wangu, na mwenye yule ng'ombe jike mwekundu aliyekufa alikuwepo, akaomba ng'ombe apewe kiriba kingine, aone tena. Halafu Dokta akasimama. Akasema barua zake mbili zilikuwa na kosa, sababu si mbegu, sababu iligunduliwa na mpishi, na haikugunduliwa kwa akili ya mtu yeyote bali kwa adabu ya jirani. Akaniita mbele. Nilieleza kwa Kiswahili changu hiki. Mgeni mmoja alicheka, akaacha kucheka alipoona Dokta hacheki. Mkubwa wao akafunga daftari. Akasema asali ni ghali kuliko nailoni, sisimizi watakula viriba kabla ya miche, na kwamba mtu anayeandika barua kabla ya kurudia jaribio anatia mashaka. Yote matatu yalikuwa kweli. Ndiyo yaliyouma.

Mimi na Makuru tulikwenda Nyambureti wiki ile, tukavuka Mto Mara kwenye gari la abiria. Nilikuwa nimeomba mwenyewe kwenda. Tulimkuta shangazi yake ameinama kwenye shamba lililogeuzwa, vijiti vya muhogo mwekundu vimesimama mistari. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia kosa ni langu, nilijua nikanyamaza, na katika kunyamaza kwangu ndipo alipong'oa. Alinitazama sana.

"Ulinyamaza siku ngapi?"

"Karibu wiki tatu, mama."

"Mimi niling'oa kwa siku nne," akasema. "Ungekuja ya pili, ningebaki na nusu." Akatukaribisha, akatupa chakula, ugali mdogo. Mimi nimekula vyakula vingi maishani, na nimepika vingi zaidi. Ugali ule ndio ninaoukumbuka. Tulirudi mara mbili na magunia ya mahindi yaliyotoka mishahara yetu, na Dokta alitoa kuliko sisi sote, lakini mahindi hayawi muhogo wa nyuma ya nyumba, ule unaochimba ukiwa na njaa bila kumwambia mtu.

Fedha za kazi hazikuongezwa. Mwisho wa mwaka walifunga nyumba. Baadaye nilisikia kwamba Dokta alipata kitu kingine badala ya asali, mafuta fulani matamu yanayobaki watu wakitengeneza sabuni, rahisi, na kwamba wengine huko mbele wameendelea na minyororo ile mpaka ikawa vitu madukani. Na nailoni nayo ikapigwa marufuku, ingawa hapa mpakani bado unaiona inapepea kwenye miti. Mimi sikuendelea na kitu. Nilirudi kulima kahawa. Miche yangu ya kwanza niliotesha kwenye viriba vya mwisho tulivyotengeneza, vile vya asali, na kweli sisimizi walivila, na kweli miche mingine ilisimama. Ipo. Vijana walioniita mpishi wamezeeka, wanakuja kuomba mbegu.

Siku ya kuondoka Dokta alichukua jagi. Alisema, "Hili naliazima, Mwita." Nikacheka, jagi lilikuwa la kwake, au la serikali, mimi lilinihusu nini? Akasema si la serikali tena. Sikuelewa.

Kwa hiyo sikulifungua pale Sirari mbele ya watu. Nilikwenda nalo nyumbani, nikakaa nalo jikoni mchana, watu wote wakiwa shambani. Niliogopa kidogo. Mtu akikurudishia chombo na hayupo tena, na kikawa kitupu, utamwambia nani? Nikakata uzi. Ndani kulikuwa na kifurushi cha nailoni. Nailoni! Nikacheka peke yangu, ameihifadhi kwa adui yake. Nikafungua, tabaka baada ya tabaka, nikakuta ile karatasi ya kwanza, imekunjwa mara nne kama alivyoikunja Anselmi, imekuwa ya rangi ya chai. Hakuna barua. Nilivunja kipembe, nikaweka ulimini, nikasubiri. Kwanza ladha ya vumbi. Halafu, kwa mbali sana, ikaja.

Keshokutwa yake niliteremka tena Sirari kabla Anselmi hajaondoka. Nilimkuta anafunga vyuma vyake. Nilipompa jagi, mdomo umefungwa kitambaa na uzi, alinikazia macho.

"Mura, unamrudishia nani? Amekufa."

"Ana binti."

Akalipokea kwa mkono wake wa kidole kifupi, akaliinua, akaupima uzito. "Lina nini?"

"Lisifunguliwe njiani," nikamwambia.